Kipaimara cha Tumpe, Ugenini

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeshuka salama. Magoti mazima. Mawe ya nyuma ya Kihesa si mlima Loleza, lakini yana ukali wake. Kuna mahali unapanda kwa mikono na magoti kama unaingia darini. Juu upepo ulitaka kuninyang'anya kofia. Nimekunywa chai ya chupa peke yangu. Mbeya tulikuwa kundi zima kila Jumamosi, Mwalimu Sekela mbele, akitutukana kwa uvivu wetu.

Bado kuna maboksi sijayafungua tangu uhamisho. Sufuria nimetoa, vitabu vya Jiografia nimetoa, mengine yatasubiri. Baba Tumpe yuko Rujewa kwenye mashine ya mpunga, anakuja Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu alfajiri. Kwa hiyo nyumba ni mimi na Tumpe na upepo wa Iringa.

Jirani, Mama Vumilia, alinikuta getini navua viatu. Kumbe mchana kulikuwa na kikao cha kina mama wa mtaa. Sikwenda. Nilikuwa nanuka jasho. Nitakwenda kingine.

Jumapili, 15 Septemba

Mchungaji amempokea Tumpe. Masomo aliyoyasoma Mbeya yamehesabiwa, atamalizia hapa. Kipaimara ni Jumapili ya tarehe 8 Desemba. Mtoto ameimba njia nzima kutoka kanisani. Ana miaka kumi na minne na ameshapanga kila kitu: turubai, viti vyenye vitambaa vyeupe, pilau, keki ya ghorofa. Amejichorea hadi kiti chake, kile cha mbele ambacho wote watakitazama.

Halafu akaniuliza, "Mama, nani atakuja?"

Nikacheka. Nikamwambia hakuna Mtanzania anayekataa pilau.

Jumamosi, 28 Septemba

Nilikuwa Isimila na walimu wawili wa shuleni. Zile nguzo za udongo zimenifanya nijisikie mdogo, na mimi napenda kujisikia mdogo mahali kama pale. Nimerudi nimeungua pua.

Kikao kingine cha mtaa kimenipita. Mama Vumilia hakuniambia mapema, au aliniambia na sikusikiliza. Ametikisa kichwa tu. "Mwalimu, wewe unapita mtaani kama gari ya watalii."

Tukacheka. Lakini nimeudhika kidogo. Jumatatu hadi Ijumaa ni ya serikali. Jumapili ni ya Mungu. Jumamosi ni yangu, na sina mpango wa kuomba radhi kwa hilo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Sijui niandikeje. Basi niandike kama ilivyokuwa.

Nilitoka asubuhi nimevaa suruali yangu ya milimani, viatu, kofia, begi mgongoni. Spika za simu masikioni, kwaya imepanda juu. Kwa Bi Zuhura, nyumba ya nne kutoka kwetu, watu wanasimamisha turubai. Viti vinashushwa. Wanawake wamejifunga kanga wanaingia na kutoka. Mwezi huu mtaa mzima ulikuwa unazungumzia nikaha ya mjukuu wake. Nikajua ndiyo leo.

Nikapunga fimbo yangu ya kupandia. Nikapaza sauti, maana mwenye spika masikioni hajisikii anavyopayuka: "Hongereni! Hongereni sana jamani!"

Nikapita. Nikaona wamenitazama. Nikadhani ni suruali.

Mumewe, Mzee Salum, alikuwa amefariki alfajiri.

Nimerudi mchana wameshazika. Mtaa kimya. Tumpe hakuwepo nyumbani. Alisikia baada tu ya mimi kuondoka, akavaa kanga yangu, akaenda. Alishinda kule akibeba maji na kuosha vikombe. Ndiye aliyeniambia nilichokifanya. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

Mimi si mgeni wa mambo haya. Mbeya kwetu ni vilevile: turubai la harusi lina muziki, la msiba halina. Muziki ulikuwepo, ila ulikuwa masikioni mwangu tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimekwenda kutoa pole baada ya ibada. Kanga mbili, kichwa chini. Nikavua viatu mlangoni, nikaingia chumba cha wanawake. Wamenisogezea nafasi kwenye mkeka. Hakuna aliyeninyima mkono, na hakuna aliyeniambia neno zaidi ya "asante". Bi Zuhura alikuwa amelala kwa uchovu. Nikakaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nikaondoka.

Baba Tumpe aliposikia akasema, "Mke wangu, hii ni ya kuhama mji." Nikamwambia tumeshahama juzi tu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Nimepata jina. Mama Hongera. Nimelisikia gengeni kwa masikio yangu, kijana wa nyanya anamwambia mwenzake, "Mpimie Mama Hongera." Na Tumpe ni mtoto wa Mama Hongera. Ameniambia anakatisha njia ya juu sasa akitoka shule.

Aibu ya kwangu naiweza. Hii ya mtoto inanikata.

Jumamosi, 2 Novemba

Sikupanda. Nilikaa nyumbani nikafungua maboksi yote.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeanza kualika. Nyumba hadi nyumba, kwa heshima zote. Majibu ni mazuri mno. "Tutaona, Mwalimu." "Mungu akipenda." "Tuombe uzima." Nimeishi miaka ya kutosha kujua "tutaona" maana yake nini. Watu hawaji.

Nao wana haki. Mtaa huu una utaratibu wake, kama mitaa yote. Ukipata shughuli, ya furaha au ya kilio, kina mama wanakuja na visu vyao, wanamenya, wanapika, wanalala kwako ikibidi. Kesho yao na wewe unakwenda na kisu chako. Mimi toka nimefika sijamenya hata kitunguu cha mtu. Nilikuwa juu ya mawe.

Mpishi wa kukodi anapatikana. Turubai linakodiwa. Mtu wa kukodi aje akae kwenye kiti na kumfurahia mwanangu, huyo hapatikani.

Jioni nimemwambia Tumpe: tufanye ibada hapa, sherehe twende Mbeya. Kule Mwanjelwa nikitaja tu, uwanja hautoshi. Amenitazama kama nimemtukana.

"Mama, mimi si naishi hapa?"

Akaingia chumbani. Kweli anaishi hapa. Mimi ndiye ninayelala tu hapa.

Jumamosi, 16 Novemba

Leo nimefanya lile nililokuwa naliogopa. Nimekwenda kwa Bi Zuhura.

Sababu ninayo: mbuzi wa sherehe. Nusu ya mtaa ni Waislamu, hawatakula kama hakuchinja Mwislamu, na wa kuchinja mtaa huu ni Hamisi, mwanawe. Kumwomba Hamisi bila kuonana na mama yake ingekuwa adabu mbovu juu ya adabu mbovu.

Yuko ndani, eda yake bado ndefu, mpaka Februari hatoki. Amevaa nyeupe tupu. Watu wa kwao walitoka Tanga zamani na vitambaa mabegani, wakafungua duka hapa, na mpaka leo Kiswahili chake kina mwendo wa huko.

"Karibu mwanangu. Kaa kitako, usisimame kama askari."

Nikakaa. Nikaanza kuomba radhi, nikashindwa katikati. Nililia. Mtu mzima, mbele ya mfiwa, nikamgeuza yeye kuwa ndiye wa kunibembeleza.

Akasubiri nimalize. Akasema, "Salum alikuwa mtu wa mzaha. Laiti angekuwepo angecheka akalala chini. Mimi sikucheka. Iliniuma. Lakini binti yako alinishika miguu siku ile nzima, na mtoto halelewi na upepo. Hamisi atachinja."

Nikamshukuru. Nikauliza kuhusu kina mama wengine.

"Hao siwaamrishi. Mtu haitiwi watu, hukaa nao. Arobaini ya Salum tunaisoma Jumamosi ya tarehe thelathini, tumeisogeza ili watu wa makazini waje. Na wewe uje."

Nimesema nitakuja. Nimefika getini kwangu ndipo nikakumbuka tarehe thelathini ni siku gani.

Jumapili, 17 Novemba

Rungwe. Tarehe thelathini ni mlima Rungwe.

Tumeupanga tangu mwaka jana, mimi na Sekela na wenzetu wa Mbeya. Sekela anastaafu Desemba, na magoti yake yanastaafu pamoja naye. Alisema mwenyewe: huu ni wa mwisho mrefu. Mara mbili tumeuanza mlima ule, mara mbili mvua imeturudisha kwenye msitu. Kileleni sijafika. Nilikuwa nimeshanunua soksi.

Nimempigia simu. Nilitegemea atanigombeza, nilitaka anigombeze, nipate wa kumkasirikia. Akaniacha nimalize hadithi yote. Akasema, "Tuse, mlima hauhami. Wewe ndiye uliyehama. Kaa na watu wako."

Watu wangu! Nimekata simu kwa hasira. Watu wangu ni yeye.

Ijumaa, 29 Novemba

Sekela ametuma picha. Wamefika Tukuyu, wamelala kwa binamu yake, anga safi. Migomba mpaka kwenye mlango. Wote wamecheka kwenye picha.

Nina wivu mbaya. Niandike ukweli, hapa hakuna wa kunisoma: leo nimewaombea mvua. Halafu nikaomba msamaha. Halafu nikawaombea mvua ndogo.

Jumamosi, 30 Novemba

Arobaini.

Nilifika mapema na kisu changu. Kina mama wako uani, mafiga yamewaka, ng'ombe ameshachinjwa. Nikasalimia. Mama Vumilia akaitikia kwa salamu ya kwao, "Kamwene, Mwalimu," akarudi kwenye vitunguu vyake. Nikakaa kwenye kigoda. Nikangoja nipewe kitu.

Sikupewa. Huyu anachambua mchele, yule anatwanga kitunguu saumu, wale wanakata nyama. Kila nikisogea, "Kaa tu Mwalimu, pumzika." Asubuhi nzima naambiwa nipumzike. Nimewahi kupanda mlima na homa, sikuchoka hivi. Kisu mkononi, sina cha kukata. Watoto wanapita wananitazama.

Nikafikiria kuondoka. Nikafikiria Sekela yuko wapi saa hii, kwenye msitu au ameshatoka juu kwenye nyasi. Nikawachukia wote uani, mmoja mmoja kwa jina. Kisha nikakumbuka Tumpe anayepita njia ya juu. Nikabaki.

Karibu na adhuhuri Mama Vumilia akaja na beseni. Utumbo. Wote, haujaoshwa, bado una majani ya ng'ombe ndani. Akaliweka miguuni kwangu.

"Huu umekosa mwenyewe."

Uani visu vikasimama. Wanasubiri niseme nini. Nikapandisha mikono ya gauni.

Utumbo wa ng'ombe unaoshwa kwa maji baridi kwanza, kisha unachovya kwenye ya moto, unaparua kwa kisu mpaka weusi wote utoke. Mama yangu alinifundisha kwa kofi. Nimeparua mpaka kucha zimekuwa kijani. Mwanamke mmoja akapita akatupia jicho ndani ya beseni. Akasema, "Kumbe Mama Hongera anajua." Akapasuka mmoja, wakapasuka wote. Na mimi nikacheka, machozi yakinitoka, sina mkono msafi wa kuyafutia.

Hawakusema lolote kuhusu tarehe nane. Mimi pia sikusema.

Sekela amefika kileleni. Amenitumia picha, ukungu mtupu. Ameandika, "Hujakosa kitu." Mwongo. Nimekosa.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua. Hamisi amepita kuuliza mbuzi wanafika lini. Mtu mwingine hajasema neno. Nimempigia mpishi wa kukodi wa mjini, nikamwambia anishikie nafasi mpaka Ijumaa. Nikaogopa hata Tumpe asinisikie.

Tumpe amekariri katekisimu yote na sasa anakariri kutabasamu kwenye kioo. Haulizi tena nani atakuja. Hilo linanitisha zaidi.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimemwachia mpishi nafasi yake. Nimemwambia asije. Sijui kama ni imani au ni wazimu. Baba Tumpe anasema kwenye simu kwamba hivyo vitu viwili ni majirani.

Jumamosi, 7 Desemba

Dada yangu Atuganile ameshuka na basi la Mbeya, na gauni jeupe la Tumpe kwenye mfuko, na mikungu ya ndizi kama anahamia. Shangazi wawili na binamu mmoja. Hao tu. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Baba Tumpe kaja na mchele wa Rujewa, gunia zima, na uso wa mtu asiyejua gunia hilo litaliwa na nani.

Hamisi alikuja asubuhi, akachinja, akaondoka; mpaka saa saba mchana hakuna mtu mwingine. Atuganile anaanza, "Dada, watu wako wako wapi?" Nikamwambia anyamaze amenye ndizi.

Saa nane geti likagongwa. Mama Vumilia. Kichwani ana ndoo ya viazi vya kwao Igowole, kiunoni kisu. Nyuma yake wawili wameshika sufuria kubwa la kikundi, kila mmoja sikio lake, wanagombana nani anaenda haraka. Nyuma yao wengine. Hakuna aliyeomba ruhusa. Waliingia wakaanza kuniuliza kuni ziko wapi na kwa nini jiko langu liko upande wa upepo.

Mama Vumilia akaniangalia nimesimama tu mlangoni. "Wewe unatazama nini? Utumbo wa mbuzi uko wapi?"

Nikaenda kuuosha.

Jumapili, 8 Desemba

Ibada imekuwa nzuri. Mtoto wangu alipiga magoti, askofu akamwekea mikono, na nilikuwa najua atalia. Hakulia. Nililia mimi.

Nyumbani viti havikutosha. Tumeazima mabenchi ya kanisa. Wakaja Walutheri, Wakatoliki, Waislamu wa upande wote wa chini, wakaja hata ambao sikuwaalika. Wameniita Mama Hongera mbele ya mchungaji, na mchungaji akadhani ndilo jina langu, akaniombea kwa jina hilo. Baba Tumpe alicheka mpaka akatoka nje ya turubai.

Halafu ikafika saa ya keki. Mshereheshaji akamwita Tumpe. Akamwita tena kwa mbwembwe. Watu wakapiga makofi. Kiti cha mbele, chenye kitambaa cheupe na maua, kilichochorwa tangu Septemba, hakina mtu.

Nilishikwa na hasira. Keki imesimama, Atuganile ameshika simu tayari kupiga picha, mtoto katoroka. Nikamtafuta chumbani, uani, chooni. Mama Vumilia akanionyesha kwa kidevu: chini, nyumba ya nne.

Nimemkuta kwenye mkeka wa Bi Zuhura. Gauni lake jipya limetanda sakafuni, viatu kavua. Sahani moja ya pilau katikati yao, wanakula kwa mkono. Bi Zuhura anamsimulia kitu kuhusu Mzee Salum na punda wa mtu. Wamecheka wote wawili.

Nikasema, "Tumpe, keki. Watu wanakungoja."

Akanitazama bila haraka. "Nakuja, Mama. Bibi hajamaliza kula."

Mtu wa eda hatoki. Mimi nilijua. Nilikuwa nimepanga kumpelekea sahani jioni, kwa mkono wa mtu, ikiwa na kifuniko kizuri. Kula naye sikukuwaza.

Nilitaka kusema tena keki. Nikasikia huko nje mshereheshaji ameweka muziki, watu wanaendelea. Nikavua viatu. Nikanawa mikono.

Jumamosi, 14 Desemba

Mvua ilipumzika asubuhi. Nikamwuliza Tumpe kama anataka kwenda juu. Hajawahi kutaka. Leo akavaa raba zake za shule akanifuata.

Anapanda vibaya, anashika majani badala ya mawe. Nimemwelekeza mara moja, kisha nikamwacha. Tumefika juu tumeloa umande. Ukungu ulikuwa unaondoka kipande kipande. Akaanza kutambua mabati: hili la kwa Mama Vumilia, lile la duka, lile letu. Upande ule, nyuma ya miti, makaburi ya Waislamu. Akanionyesha Mzee Salum alipo, ardhi bado nyekundu.

Tukanywa chai. Kisha akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza kuna mkate, "Mama, sisi tukifa tutazikwa huku au tutarudishwa Mbeya?"

Mwezi wa tisa ningejibu kabla hajamaliza. Kwetu ni kwetu, baba yangu yuko kule, mama yuko kule, migomba iko juu yao. Kila Mnyakyusa anajua anaporudishwa.

Nilifungua mdomo. Nikatazama chini kwenye mabati.

Nikamwambia anywe chai, itapoa.

Tulikaa mpaka jua likatoka vizuri. Yeye ndiye aliyesimama kwanza. Tukashuka.